UZI: Ndege ndogo ikipinduka wakati wa kutua mnasingizia upepo, upepo una kosa gani?

#1 Kaskazi Kavu
Wakuu salaam. Naliweka hapa nipigwe mawe. Kila ndege ndogo ikitoka nje ya ranwei au ikilala chali wakati wa kutua, taarifa ya kwanza utasikia "upepo mkali". Mimi nasema upepo haujawahi kuangusha ndege inayotua. Upepo upo, unapimwa, unatangazwa redioni, soksi ya upepo inauonesha kwa kila mtu mpaka mchunga ng'ombe aliyeko pembeni ya uwanja. Rubani anauona, anaamua kushuka hivyohivyo, anapiga chini. Hata kikija kishindo (upepo wa ghafla) mkono wake uko kwenye moto (nguvu ya injini), si aongeze apae tena azunguke? Mafuta yapo. Kwa nini hawapai? Nataka wanaojua, sio mje kuniambia ajali haina kinga.

#2 Bwege Mtaratibu
Ajali haina kinga.

#3 Mhaya wa Dar
Mtoa mada umesahau Bukoba 2022? Ile ndege ndogo iliyoingia ziwani, hali ya hewa ilichafuka kabisa, mvua na upepo, mtu anaona ziwa na anga vimekuwa kitu kimoja. Wameokolewa 26 kwa msaada wa wavuvi. Usiongee tu ukiwa umekaa kwenye kiti.

#4 Karani wa Ajali
@Mhaya wa Dar pole kwa walioguswa, lakini tuweke sawa. Ile ilikuwa ATR 42, injini mbili, ndani walikuwa watu 43, hiyo sio ndege ndogo anayoizungumzia mtoa mada. Waliokufa ni 19, kwa hiyo waliopona ni 24. Hiyo 26 ilikuwa hesabu ya mchana wa siku ileile ya tarehe 6 Novemba ikaja kubadilika, ila mitandaoni imebaki mpaka leo. Na haikugusa ranwei kabisa, iliingia majini kabla. Mjadala wa hapa ni wa magurudumu na lami.

#5 Mhaya wa Dar
Karani na wewe, watu tunalia wewe unahesabu.

#6 Rubani wa Vumbi
Naona mtoa mada kaja na rungu. Hii ndiyo kazi yangu, viwanja vya vumbi vya mbugani na visiwani, nitajibu nikipata nafasi maana kesho naamka saa kumi.

Upepo wa usoni ni rafiki, unakupunguzia mwendo wa ardhini unasimama mapema. Balaa ni wa mgongoni na wa ubavuni. Wa mgongoni watu wanaudharau kwa sababu hausikiki, ndege inashuka laini tu, kumbe ukifika asilimia 10 ya kasi yako ya kutua umbali wa kusimama unaongezeka kama asilimia 20 hivi, kwa sababu nguvu ya mwendo inapanda kwa mraba wa kasi. Unakanyaga breki kwenye majani yenye umande unaanza kumkumbuka mama.

Wa ubavuni sasa. Unakuja pua imeelekea upepo, chombo kinakwenda kiupande, mwendo wa kaa. Ukikaribia ardhi unanyoosha pua kwa mguu (pedeli ya usukani wa mkia) ilingane na ranwei, na sekunde hiyohiyo unalaza kidogo bawa la upande upepo unakotoka ili usisukumwe pembeni. Gurudumu la upande huo linagusa kwanza peke yake, halafu la pili, halafu la pua. Abiria anadhani rubani kalewa, kumbe ndivyo inavyotakiwa. Ukisahau kunyoosha, magurudumu yanagusa yakiwa yametazama kwingine na ndege inataka kwenda yanakotazama.

Na kinachoumiza wengi ni BAADA ya kugusa. Magurudumu yakilia tu mtu anashusha pumzi na mikono inalegea. Ndege bado inaruka nusu! Mabawa bado yamebeba uzito, matairi hayana mshiko wa kutosha, na kadiri mwendo unavyopungua ndivyo unavyotakiwa uzidi kuuzungusha usukani kuelekea upepo mpaka unagota. Ukiuachia, kishindo kimoja kinanyanyua bawa, ncha ya upande wa pili inachana ardhi, mchezo umekwisha, na hapo ulikuwa umeshawaambia abiria karibuni.

Kwa hiyo mtoa mada una haki nusu. Nusu nyingine nitarudi.

#7 Bwege Mtaratibu
Yaani mimi nilipiga makofi gurudumu moja lilipogusa. Kumbe nilikuwa nampotosha rubani.

#8 Mwanafunzi wa Anga
Asante sana Rubani wa Vumbi. Swali, upepo wa ubavuni kiasi gani ndio mwisho? Nimesoma Cessna 172 (ndege ndogo ya kujifunzia) ni noti 15 (noti moja ni karibu km 1.85 kwa saa). Kwa hiyo mnara ukisema noti 20 kwa pembe ya nyuzi 45 inamaanisha nusu yake, 10, naruhusiwa eti?

#9 Karani wa Ajali
Hapana. Nusu ni nyuzi 30. Nyuzi 45 ni kama asilimia 70, kwa hiyo 20 inakupa 14. Nyuzi 60 ni karibu asilimia 87, hapo unakuwa na 17. Watu wanapigia hesabu ya kichwani nyuzi 45 kuwa nusu kwa sababu ni nusu ya 90, pembe haziendi hivyo.

#10 Rubani wa Vumbi
Na hiyo 15 sio sheria, hapa ndipo penye ubishi mkubwa hata sisi kwa sisi. Kitabu cha ndege kinasema huo ndio upepo wa ubavuni uliothibitishwa, maana yake rubani wa kiwanda siku ya majaribio alitua kwenye upepo huo bila kuhitaji kipaji cha ajabu. Hakijasema 16 inavunja ndege. Caravan, ile Cessna kubwa ya injini moja, imeandikwa 20. Sasa kuna wanaosoma ile namba kama ukuta, na kuna wanaosoma kama "hakuna mwisho, ni wewe tu na roho yako". Wote nimewaona. Kampuni makini zinaweka namba yao ya chini zaidi kwenye vitabu vyao, rubani mpya anapewa ndogo kuliko mkongwe.

#11 Kaskazi Kavu
Haya ndiyo nilikuwa nataka. Kwa hiyo mnakubali namba ipo, rubani anaivuka kwa hiari yake. Kosa la upepo bado sijaliona.

#12 Nahodha Mstaafu wa Malindi
Asalaam alaykum wanangu. Mimi si wa ndege ni wa majahazi, lakini nikisoma hayo ya kulaza bawa upande wa joshi (unakotoka upepo) nacheka peke yangu, mambo ni yaleyale. Nataka kusema neno kuhusu Unguja. Kiwanja cha Kisauni kimelazwa kaskazini kusini, ranwei yake 18 na 36 (yaani nyuzi 180 na 360 za dira), mtu akitazama haraka atasema waliojenga walifuata kaskazi na kusi. Lakini kaskazi ya kweli haitoki kaskazini barabara, inatoka matlai ya juu, kaskazini mashariki. Na kusi pwani yetu hii inakuja zaidi kusini mashariki. Kwa hiyo misimu yote miwili ndege inapigwa shavu la mashariki. Tanga mbili (kati ya misimu hiyo) ndio kabisa, asubuhi shwari, adhuhuri upepo wa bahari umeshaamka, na mawingu ya mvua yakipita upepo unageuka mara tatu kabla hujamaliza kikombe cha kahawa. Nyie mnasema upepo unapimwa. Unapimwa wapi, saa ngapi?

#13 Binti Shangani
Shikamoo babu. Nimepanda sana hizo ndogo za Dar kuja huku, za asubuhi tamu, za saa tisa alasiri mtu unashikilia kiti cha mbele. Basi kumbe sababu ni hiyo.

#14 Wa Langata
Niaje watu wa TZ, naingia kutoka Nairobi. Uwanja wa Wilson sisi tuko na ranwei mbili zinakatana, 07/25 na 14/32, so upepo ukigeuka unaomba ile ingine, kwa hiyo hiyo story ya Unguja hapa inapungua. Lakini shida yetu ni urefu kutoka usawa wa bahari, Wilson iko zaidi ya futi 5,500. Hewa ni nyepesi. Kipima mwendo kinasoma ileile ya Mombasa lakini kwa ardhi unakimbia kama asilimia 9 au 10 zaidi, sasa ongeza upepo wa mgongo kidogo hapo, ongeza jua la saa nane. Mtu amezoea Diani akikuja huku anaona lami inapita mbio anadhani ako kasi sana, anavuta pua juu kupunguza, ndege inaacha kubeba ikiwa bado futi kadhaa juu. Inaanguka pwaa. Hapo hata upepo sio mkali, ni macho yamedanganya. Pia Arusha muangalie hiyo, iko futi 4,500 na kitu.

#15 Karani wa Ajali
Hoja nzito hiyo ya @Wa Langata. Ila kumbuka hiyo ni sababu nyingine kabisa, tusichanganye, uzi ni wa upepo.

#16 Bwege Mtaratibu
Karani umekuwa mwenyekiti wa uzi lini?

#17 Mama Safari
Mimi niwapasulie ukweli mnaozunguka. Nimefanya kazi ya kupokea wageni wa mbugani miaka mingi. Sio upepo wala mguu wala hewa nyepesi. Ni RATIBA. Mgeni katoka Ulaya ana ndege ya usiku ya kurudi kwao, kambi inapiga simu, ofisi inapiga simu, rubani ni kijana ana mkataba wa miezi sita anatafuta masaa aende ndege kubwa. Nimesimama pembeni ya kiwanja cha nyasi, vumbi linaruka, hema la kuwekea mizigo limeng'oka vigingi viwili, na ndege inakuja inayumba, ikapaa tena. Ilipofika mara ya pili ikatua vizuri, mlango unafunguliwa, mgeni mmoja mwanaume mtu mzima anashuka anamfokea kijana wa watu, "ile ya kwanza ulishindwa nini?" Yule kijana amevua viatu anaendesha na soksi ili aisikie pedeli vizuri, shati limelowa mgongo mzima, anajibu sorry sir. Sasa huyo kesho akipata upepo uleule atapaa tena? Mnaouliza kwa nini hawapai, jibu ndilo hilo, abiria anaona kupaa tena ni kushindwa kazi.

#18 Binti Shangani
Hapo umenigusa Mama Safari. Mimi mwenyewe ikipaa tena huwa nasonya.

#19 Kaskazi Kavu
Mama Safari heshima kwako, lakini kijana mwenye leseni akiogopa kufokewa kuliko kufa basi tatizo bado ni la kijana. Nahodha wa boti akishinikizwa na abiria si anakataa tu?

#20 Nahodha Mstaafu wa Malindi
Mwanangu, wangapi walikataa? Usinikumbushe.

#21 Rubani wa Vumbi
Nimerudi. @Kaskazi Kavu unasema "aongeze moto apae" kana kwamba ni kubonyeza kitufe cha lifti. Caravan ni injini ya tabo, ukiwa umeshaishusha moto mpaka chini kabisa ukaja kusukuma tena inachukua sekunde kadhaa kuamka. Umeshagonga, umedunda, uko futi sita hewani, mwendo unakufa, flapu (vibao vya nyuma ya bawa) zote ziko chini zinakuvuta, ukisukuma moto wote kwa pamoja pua inataka kukimbilia kushoto, na kama upepo nao unatoka kushoto umeongezewa mwaliko. Kupaa tena ni salama kukiamuliwa mapema. Kukiamuliwa umechelewa ni ajali nyingine tofauti, wakati mwingine mbaya kuliko kuburuza bawa. Na kuna wale wenye gurudumu la mkiani, Super Cub na jamaa zake, uzito wake uko nyuma ya magurudumu makuu, pua ikikengeuka kidogo uzito unataka kupita mbele, ndege inazunguka yenyewe kabla mguu haujafika. Hizo hata upepo wa noti 8 unakufundisha adabu.

Na ukizubaa kwenye kona ya mwisho? Upepo unakusukuma kutoka nyuma unapokata kona kuingia ranwei, unapitiliza mstari, unajaribu kuirudisha kwa kuongeza mlalo na kukanyaga mguu wa ndani. Ukilala nyuzi 45 kasi ambayo bawa linaacha kubeba inapanda kama asilimia 19, nyuzi 60 asilimia 41. Uko futi mia nne. Hapo hakuna kuburuza bawa, hapo ni mazishi. Na ripoti itaandika "upepo".

#22 Mwanafunzi wa Anga
Duh. Mwalimu wangu upepo ukizidi noti 10 anasema leo tunasoma darasani.

#23 Rubani wa Vumbi
Hilo ndilo langu la moyoni. Mwanafunzi anazuiwa upepo mpaka anapata leseni, halafu siku ya kwanza anakutana nao peke yake akiwa na abiria watano. Mwalimu analinda ndege ya shule, namwelewa, bima ghali. Lakini mwambie akupeleke siku ya 12, 13, yeye akiwa pembeni.

#24 Karani wa Ajali
Kwa wanaodhani haya ni ya ndege za vumbi tu, Hamburg tarehe 1 Machi 2008, A320 ya Lufthansa, dhoruba, wanatua ranwei 23, ndege ikasombwa, ncha ya bawa la kushoto ikagusa lami. Wakapaa tena, wakaja kutua salama ranwei 33, ambayo ilikuwa inaukabili upepo zaidi. Hakuna aliyekufa. Ripoti ya Wajerumani ikaja kugundua mambo mawili, kwamba marubani wengi hawakuwa wanaelewa vilevile ile namba ya "uliothibitishwa", ni kikomo au ni taarifa tu, na kwamba gurudumu moja likigusa kompyuta ya ndege ilikuwa inapunguza nguvu ya usukani wa mabawa kwa nusu, jambo ambalo halikuwa wazi kwenye vitabu vyao. Sasa @Kaskazi Kavu, nani mwenye kosa hapo?

#25 Kaskazi Kavu
Aliyechagua 23 wakati 33 ipo.

#26 Karani wa Ajali
Ile 23 ndiyo ilikuwa na vifaa kamili vya kuongozea kutua. Kila chaguo lina gharama yake bwana.

#27 Wa Langata
Na ile ya Toronto Februari 2025, ile ndege ya abiria ya CRJ ililala chali na watu wote 80 wakatoka? Upepo ulikuwa unatoka 270 ranwei ni 23, nyuzi 40, vishindo vya noti 33 na zaidi. Ile si upepo?

#28 Rubani wa Vumbi
Ripoti ya awali ya Kanada inasimulia kitu kizuri cha kujifunza. Kishindo kilikuja kikaipandisha kasi, rubani akapunguza moto, ambayo ni akili ya kawaida kabisa, halafu kishindo kikaisha. Ndege ikabaki bila moto na bila upepo, ikashuka zaidi ya futi 1,000 kwa dakika mpaka chini, gurudumu la kulia ndilo lililokula kipigo, likavunjika. Ni ya awali tu, haijasema kosa la nani na mimi sisemi. Lakini angalia mlolongo wenyewe, kila hatua peke yake ina mantiki.

Ndio maana siku ya vishindo tunaongeza kidogo kwenye kasi ya kuingilia, nusu ya tofauti kati ya upepo wa kawaida na kishindo. Mnara ukisema 14 vishindo 24, tofauti 10, unaongeza 5. Ukizidisha nako unaelea ranwei yote.

#29 Mhaya wa Dar
Kwa hiyo ukiongeza unakosea ukipunguza unakosea. Mimi narudi kwenye meli.

#30 Mama Safari
Meli za wapi?

#31 Mzee wa Soksi
Uzi umenoga, naomba niongeze langu, mimi nilikuwa mtunza kiwanja kimoja cha wilayani, sikitaji. Mnasema soksi ya upepo inaonesha kila mtu. Ya kwetu ilikuwa imechanika kuanzia katikati, mkia wote umekwenda na jua, kilichobaki ni kipande cha kiwiko. Soksi nzima ikisimama yote unajua upepo umefika noti 15 hivi. Iliyochanika haisimami kamwe, upepo unapita kwenye tundu, inaning'inia kama hakuna kitu. Rubani mgeni anaiangalia kutoka juu anaona shwari, anakuja. Tena upande mmoja wa ranwei kulikuwa na mikaratusi mirefu imepandwa zamani, ukiwa juu ya miti upepo unakupiga, ukishuka chini ya miti unakatika ghafla, mbele kidogo penye uwazi unarudi tena wote. Nimeandika barua kuhusu soksi, nimeandika barua kuhusu miti. Soksi ililetwa ya rangi ya kijani, kwenye majani ya kijani.

#32 Bwege Mtaratibu
Ya kijani 😂😂😂 nimekufa mimi

#33 Nahodha Mstaafu wa Malindi
Ndilo nililouliza tangu mwanzo, unapimwa wapi.

#34 Kaskazi Kavu
Soksi ya kijani nakubali haina utetezi. Lakini rubani si anaweza kupita juu mara moja kwanza aone miti na vumbi linakoelekea kabla hajashuka?

#35 Rubani wa Vumbi
Tunapita, tena mbugani lazima, kufukuza nyumbu na pundamilia. Moshi wa jikoni kambini, mawimbi kwenye bwawa, vumbi la gari, hivyo ndivyo vipimo vyetu. Ila kupita juu ni mafuta na dakika, rudi kwa Mama Safari hapo juu.

#36 Mama Safari
Asante. Mmerudi wenyewe.

#37 Karani wa Ajali
Mimi bado naona mafunzo ndiyo mzizi. Ratiba ipo hata kwa marubani wazuri na wanatua.

#38 Wa Langata
Zi. Wengine hawatui, hawakuji kuandika hapa.

#39 Mwanafunzi wa Anga
Wakuu nimemuomba mwalimu tutoke siku ya upepo. Kasema nilete kwanza barua ya mzazi.

#40 Binti Shangani
Mdogo wangu mwenyewe una miaka mingapi? Halafu Rubani wa Vumbi, samahani nje ya mada, hicho kiti cha mbele pembeni ya rubani kwenye Caravan mnampa nani? Mimi kila siku napimwa uzito napelekwa nyuma.

#41 Rubani wa Vumbi
Tunampa asiyeshika usukani wakati wa kutua. Mgeni mmoja alishika. Hiyo nitaifungulia uzi wake, saa kumi imeshanikuta.